Uzi: Ramani ya hatari ya tope na mawe kwenye barabara za milimani – Mai Mahiu, Tambach, Marich (Kenya)

#1 Kontua37

Wadau, kila masika yakikaribia huanza kuzunguka zile ramani za "hatari ya maporomoko". Mapishi yake yanajulikana: mteremko, udongo, mvua, matumizi ya ardhi, umbali kutoka barabarani. Kila kimoja kinapewa uzito, vinajumlishwa, kisha inatoka picha ya nyekundu, njano na kijani. Mtu wa barabara hawezi kufanya lolote nayo. Inamwambia kuwa mlima ni mkali, jambo analoliona kwa macho kupitia kioo cha gari.

Ubaya zaidi ni kwamba kwa mkondo wa tope na mawe (hapa nitaita tope-mawe tu) ramani hiyo hudanganya. Tope-mawe huanzia juu kwenye mteremko wa digrii 25 na zaidi, hula mashapo ya korongo (mchanga, udongo na mawe yaliyolala humo) njiani, kisha hulala pale korongo linapofunguka na mteremko kushuka chini ya digrii 10 hivi. Hapo ndipo penye tambarare, vibanda, maegesho ya malori na kijiji. Kwenye ramani ya mteremko, hapo ni kijani kibichi.

Ninachopendekeza ni kuacha kuchora milima na kuanza kuchora vivuko. Kivuko ni kila mahali ambapo korongo, hata liwe dogo na kavu, linakata barabara. Kwa ushoroba wa kilomita 20 mlimani si ajabu kupata vivuko 60 hadi 100. Kila kimoja kinapata namba, kilomita yake, na bonde lake la mkusanyo (eneo lote linalomwaga maji yake hapo) linalochorwa kuanzia hapo kwenda juu.

Chujio la kwanza ni la hesabu tu. Pima tofauti ya mwinuko kati ya kilele cha bonde na kivuko, gawanya kwa kipeuo cha pili cha eneo la bonde. Hiyo ni namba ya Melton. Mfano: eneo kilomita za mraba 1.4, mwinuko kilomita 0.72. Kipeuo cha pili cha 1.4 ni 1.18, jibu ni 0.61. Ukipata zaidi ya 0.6 na urefu wa bonde haufiki kilomita 2.7, hilo ni korongo la tope-mawe hadi lithibitishe vinginevyo. Kati ya 0.3 na 0.6 tarajia mafuriko yaliyobeba mawe mengi. Chini ya 0.3 ni mafuriko ya kawaida. Mipaka hiyo ilipatikana British Columbia, Kanada, kwa hiyo ni chujio la kupanga kazi, haitoi hukumu. Makorongo madogo yenye hasira ndiyo yanayopita chujio hili, na ndiyo hayohayo ambayo barabara huyapa bomba la milimita 900.

---

#2 FundiKalavati

Kontua umegusa kidonda. Tuchukue bonde lako hilohilo la 1.4.

Kalavati hupimwa kwa maji. Kwa fomula ya kawaida ya vijito vidogo: 0.278 × kigezo cha mtiririko 0.4 × mvua milimita 60 kwa saa × 1.4. Unapata mita za ujazo 9.3 kwa sekunde. Mwenye bajeti ataweka kalavati la boksi, asiye nayo atapanga mabomba mawili matatu na kuomba Mungu.

Sasa tope-mawe. Tuseme korongo lina urefu wa mita 1,200 lenye mashapo ya kuliwa, upana mita 4, kina mita 1 hadi kwenye mwamba. Hizo ni mita za ujazo 4,800. Ongeza 200 za poromoko la kuanzia, unapata 5,000. Fomula ya mtafiti Rickenmann (0.1 × ujazo kwa kipeo 0.833) inatoa kilele cha takriban mita za ujazo 120 kwa sekunde. Zile za mwenzake Mizuyama zinatoa kama 104 kwa mkondo wa mawe, na 16 kwa mkondo wa tope laini. Pengo ni kubwa, ndiyo, lakini hata ile ya chini kabisa inazidi kalavati lako, na ile ya juu ni mara 13 ya hesabu ya maji.

Na hapo tumehesabu ujazo peke yake. Tope-mawe husukuma mawe makubwa mbele, kwenye kichwa chake. Jiwe la mita moja na gogo moja la mti vikifika kwenye mdomo wa bomba la 900, bomba limekwisha kazi kabla tope lenyewe halijafika. Kwa hiyo kwenye fomu ya kivuko andika vipimo viwili pamoja: upana wa mdomo wa kalavati, na kipenyo cha jiwe kubwa kabisa ndani ya mita 100 za korongo juu yake. La pili likikaribia nusu ya la kwanza, hesabu ya maji iweke kando.

---

#3 Leleshwa

Kabla ya fomula, mtu ashuke garini. Korongo lenyewe husema limewahi kupitisha nini, na wengi hawajui kulisoma.

Tafuta ukingo uliokatwa na maji, pawe na angalau mita moja ya mashapo wima. Mashapo ya mafuriko yana tabaka: mchanga, kokoto, mchanga. Mawe yake yamelaliana kama vigae, yameinamia upande wa maji yanakotoka. Mashapo ya tope-mawe hayana mpango: mawe ya kila ukubwa yameelea ndani ya udongo bila kugusana, na mara nyingi makubwa yako juu. Chomoa jiwe moja. Likiacha shimo lenye umbo lake kamili kwenye udongo mgumu, una jibu.

Kisha angalia pembeni mwa korongo. Matuta mawili ya mawe yanayokwenda sambamba na mkondo, moja kila upande, hayajengwi na maji matupu. Penye tandazo, yaani pale mashapo yanapofunguka kama kipepeo cha kupepea jiko, tafuta ndimi zenye mawe makubwa zaidi kwenye ncha. Mti uliochubuka gome upande wa juu pekee hukupa urefu wa mkondo. Pima kutoka ardhini, uandike. Lakini usijaribu kuhesabu pete za mti kujua mwaka. Sehemu zenye misimu miwili ya mvua, pete hazitegemeki.

Korongo likipinda, tope hupanda juu zaidi upande wa nje wa kona. Chukua tofauti ya urefu wa alama za tope kati ya kingo mbili, upana, na nusu kipenyo cha kona. Mfano: tofauti mita 1.5, upana 6, kona 25. Kasi ni kipeuo cha pili cha 9.81 × 25 × 1.5 ÷ 6, yaani mita 7.8 kwa sekunde. Ichukue kama kikomo cha juu, kwa sababu tope zito hupanda kona kuliko fomula inavyodhani. Hata hivyo ni kilomita 28 kwa saa, na hakuna anayekimbia mlimani kwa kasi hiyo.

Kuhusu ujazo wa Fundi: ile "kina mita 1" isikisiwe mezani. Beba chuma cha milimita 12, urefu mita 2, na nyundo. Kila mita 50 za korongo gonga mara tatu, kati na kila upande, uandike chuma kimegoma wapi. Kikigoma kwenye jiwe usidhani ni mwamba, sogea nusu mita ugonge tena. Hatua hii ndiyo watu huruka, na ujazo wote wa ramani unaning'inia hapo.

---

#4 Pikseli_Ruaraka

Naongeza upande wa kompyuta, kwa sababu kuna kosa moja linafanywa na karibu kila mtu, na ni kosa la kufundishwa.

Ukipakua modeli ya mwinuko (ramani ya kompyuta yenye urefu wa ardhi kwa kila pikseli), iwe SRTM au Copernicus ya mita 30, darasa lolote la QGIS, programu ya ramani, litakuambia hatua ya kwanza ni "jaza mashimo", ili maji yatiririke bila kukwama. Programu inainua kila kidimbwi hadi kimwage. Sasa fikiria tuta la reli au la barabara limekatiza korongo. Kwenye modeli tuta linaonekana kama bwawa, maana kalavati la chini halionekani kutoka angani. Ukijaza mashimo, kile kidimbwi nyuma ya tuta kinafutwa. Umefuta hatari yenyewe kabla hujaanza kuitafuta!

Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili 2024 ilikuwa hivyo. Mwanzo ilitangazwa kuwa bwawa limepasuka Old Kijabe. Baadaye ikaelezwa kuwa maji yalikwama nyuma ya tuta la reli ya zamani, njia yake ya chini ikiwa imezibwa, kisha tuta likaachia usiku watu wamelala Kamuchiri. Zaidi ya watu 40 walikufa. Ramani ya mteremko isingeonyesha chochote hapo.

Njia sahihi: tengeneza modeli iliyojazwa, toa modeli ya asili kutoka kwayo. Kinachobaki ni ramani ya vidimbwi vyote na kina chake. Chagua vile vinavyogusa tuta la reli, barabara au bwawa la shamba. Jumlisha kina mara eneo la pikseli, unapata ujazo ambao tuta lingeshikilia kalavati likiziba. Kwa mita 30 vidimbwi vidogo havionekani kabisa, na vingine ni makosa ya data, kwa hiyo kila kimoja kikaguliwe kwa picha. Ukiwa na data ya droni ya nusu mita, kazi hii inakuwa tamu.

Baada ya hapo ndipo utoboe matuta mahali kalavati lilipo, ili kupata mtiririko wa siku njema. Ziwe modeli mbili, kalavati wazi na kalavati limeziba, na zote mbili zichorwe.

---

#5 Kontua37

Pikseli, hapo umemaliza. Na hilo la kalavati kuziba lina mtoto wake ambaye watu humsahau: tope likikosa kalavati linaelekea wapi?

Kama barabara kwenye kivuko ina bonde kidogo, tope litapita juu ya lami na kurudi korongoni mwake. Hasara ni lami na kingo. Kama barabara inateremka moja kwa moja kupita kivuko, tope litageuka, lifuate mtaro na lami hadi mahali pengine pa chini, labda mita 300 mbele, na kuangukia mteremko ambao haujawahi kuona mkondo wowote. Hapo linachimba korongo jipya juu ya nyumba za watu ambao walijenga kwa busara mbali na korongo la zamani. Kwenye barabara za kona nyingi, kivuko cha juu kikigeuka, kinabebesha mzigo vivuko vyote vya kona za chini.

Kwa hiyo kila kivuko kichorewe mshale: likiziba, linaelekea wapi. Unahitaji mteremko wa barabara mita 50 kabla na baada ya kivuko, vipimo ambavyo simu yenye programu ya klinomita (kipima mteremko) inatosha kuvipata. Na tiba yake ni rahisi kuliko kalavati kubwa: inua barabara kidogo upande wa chini wa kivuko, ili tope lipite juu ya lami na kurudi kwake.

---

#6 Mwanafunzi_JKUAT

Shikamooni wakubwa. Nimetumia Flow-R, programu ya kukadiria tope litafika wapi, na kigezo cha digrii 11 kama kilivyo kwenye maandiko mengi, kasi isizidi mita 15 kwa sekunde. Matokeo yanafunika nusu ya bonde lote hadi barabara ya Narok. Nimekosea wapi?

---

#7 Leleshwa

Marahaba. Hujakosea, umeuliza programu swali pana ikajibu kwa upana. Digrii 11 ni pembe kutoka chanzo hadi ncha ya mwisho kabisa ambako tope lingeweza kufika. Tanjenti yake ni 0.194, kwa hiyo chanzo kilicho mita 720 juu kinapewa ruhusa ya kwenda kilomita 3.7. Hiyo ni hali mbaya kabisa, na haijali ujazo. Poromoko la mita za ujazo 200 na la 50,000 linapewa safari ileile.

Fanya mambo mawili. Punguza vyanzo: kama umechukua kila pikseli ya zaidi ya digrii 25 umezidisha, bakiza zile zilizo kwenye vidaka (mabonyeo ya mteremko) vyenye eneo la mkusanyo juu yake. Kisha kagua pembe kwa ndimi za zamani ulizopima uwanjani. Kama za eneo lako zote zimeishia kwenye digrii 15 hadi 18, tumia hizo kwa ramani ya kawaida, na 11 ibaki ramani ya kikomo.

Kwa ujazo tumia zile fomula mbili za programu ya Laharz za tope-mawe: sehemu ya msalaba ni 0.1 × ujazo kwa kipeo theluthi mbili, eneo la kutandaa ni 20 × kitu hichohicho. Kwa 5,000 za Fundi: msalaba mita za mraba 29, tandazo mita za mraba 5,850, pungufu kidogo ya uwanja wa mpira. Bomba la 900 lina mita za mraba 0.64.

---

#8 KM_na_Lori

Watu wa usafiri tuko hapa pia. Mnachora tope vizuri, lakini gari liko wapi?

Hesabu ya kukutana: magari kwa siku ÷ 24, mara urefu wa kipande cha hatari pamoja na urefu wa gari kwa kilomita, gawanya kwa kasi. Mfano magari 4,000, kipande mita 60, lori mita 12, kasi 40: 166.7 × 0.072 ÷ 40 = 0.3. Yaani wakati wowote, theluthi ya gari iko mdomoni mwa korongo. Malori yakipanda kwa kasi ya 10 inakuwa 1.2. Foleni ikisimama, mita 60 zenye njia mbili zinashika magari kumi na zaidi, na abiria wa matatu ndani yake.

Mvua kubwa hupunguza kasi, ajali ndogo husimamisha foleni. Kwa hiyo korongo na foleni hufika pamoja. Weka kwenye ramani mahali malori husimama kupoza breki, mahali pa kuuzia mahindi na viazi, na mahali polisi huweka kizuizi. Kizuizi kikiwa mita 200 chini ya kivuko kibaya, foleni yake inalala mdomoni. Kukisogeza hakugharimu saruji.

---

#9 Mwanafunzi_JKUAT

Asanteni. Na mvua? CHIRPS (data ya mvua ya setilaiti na vituo) ya kila siku inatosha kuweka kizingiti cha tahadhari?

---

#10 Pikseli_Ruaraka

Haitoshi. CHIRPS ni nzuri kwa historia tangu 1981 na kwa kujua udongo umeloa kiasi gani wiki mbili zilizopita. Tope-mawe linataka kujua saa moja hadi tatu. IMERG, data nyingine ya mvua ya setilaiti, inatoa nusu saa kwa nusu saa, lakini pikseli yake ni kama kilomita 10, na wingu la ngazi (ukingo mkali) ya Bonde la Ufa linaweza kukaa lote ndani ya robo ya pikseli. Kipimamvua kinachosoma kila dakika 10 juu ya ngazi, si mjini chini, ndicho kinachotakiwa.

Kizingiti cha mtafiti Caine cha 1980 (milimita kwa saa = 14.82 × muda wa saa kwa kipeo hasi 0.39) kinatoa jumla ya milimita 15 kwa saa moja, 29 kwa saa tatu, 103 kwa siku nzima. Ni sakafu ya dunia nzima. Ukikitumia hapa kama kengele, milimita 15 kwa saa utazipata mara nyingi kila msimu na watu wataacha kusikiliza. Kitumie kama mstari wa kuanza kuangalia, ukiongeza sharti la udongo kuloa.

---

#11 Leleshwa

Na misimu isichukuliwe sawa. Maporomoko ya West Pokot yalikuwa usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, katika vuli iliyozidi. Chesongoch, Elgeyo Marakwet, iliporomoka Aprili 2020 na tena Novemba 2025. Masika na vuli vyote vinaua.

Kwa anayechora Iten–Tambach–Kabarnet: pale juu fonolaiti ngumu (mwamba wa volkano) imekalia mashapo ya Tambach yaliyo laini, na chini yake mwamba wa kale. Maji hupenya kwenye nyufa za fonolaiti na kutokea kama chemchemi kwenye mpaka. Chora huo mstari wa chemchemi kwanza, vyanzo vingi vitajipanga juu yake. Kule Marakwet chora pia mifereji ya umwagiliaji ya wenyeji inayokata mteremko. Kipande kinachovuja juu ya kidaka chenye udongo mzito ni chanzo, hata kama programu haijakipaka rangi. Wazee wanaoitunza wanajua kila mahali inapovuja, waulizeni. Na Kapenguria–Lodwar, kuanzia Kamatira hadi Marich, msisahau udongo uliomwagwa ukingoni wakati wa kupanua barabara: rundo la mita za ujazo 300 kichwani mwa korongo ni poromoko linalosubiri mvua.

---

#12 FundiKalavati

Swali la mwisho kwangu: mnakabidhi nini? Msimamizi wa matengenezo hafungui faili la QGIS.

---

#13 Kontua37

Karatasi ndefu moja, barabara imenyooshwa kama utepe, kilomita chini, kila kivuko na alama nne: ujazo, mdomo wa kalavati, mshale wa kugeuka, kidimbwi kama kipo. Nyuma yake jedwali la vivuko kumi vibaya, kwa mpangilio wa kazi: cha kusafishwa kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba, cha kuinuliwa lami, cha kufunga barabara mvua ikizidi. Ramani ya 1:10,000 iambatane, na 1:2,000 kwa matandazo yenye nyumba.

Onyo moja la kitaalamu. Ukichanganya karatasi za Survey of Kenya za 1:50,000 na GPS ya simu, kumbuka karatasi ziko kwenye Arc 1960 na simu iko WGS84, mifumo miwili tofauti ya kupima mahali. Ukisahau kubadili, kila kitu kinahama kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu 90 mashariki-magharibi. Mai Mahiu iko zoni 37 kusini ya gridi ya ramani (UTM), Tambach zoni 36 kaskazini, kwa hiyo usibandike mradi mmoja juu ya mwingine. Mita 300 zinatosha kuhamisha kalavati kutoka korongo moja hadi la jirani.

---

#14 KM_na_Lori

Na kilomita zipimwe kutoka kwenye nguzo za barabarani, si kutoka kwenye mstari wa kompyuta. Kona za mlimani mstari wa mita 30 huzikata, na baada ya kilomita 15 unakuta umepoteza mita mia kadhaa. Timu ya matengenezo itakwenda kuzibua kalavati lisilo lenyewe.

---

#15 Mwanafunzi_JKUAT

Nimepata. Nimetoa modeli ya asili kutoka iliyojazwa kwa kipande cha juu ya Mai Mahiu: vidimbwi 23 vinagusa tuta la reli au barabara. Jumamosi tunapanda na chuma cha milimita 12.

---

#16 Leleshwa

Bebeni vyuma viwili, kimoja kitapinda. Na mkiona wingu limekaa juu ya Kijabe, msiingie korongoni hata kama mlipo kuna jua.